Printa Moja, Majina Mawili

Nina saiba ndogo mtaani Ngara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchapisha yale ambayo wateja hunitumia kwa barua pepe. Siku moja, baada ya Windows kujisasisha usiku, printa ilianza kuonyesha ujumbe kwamba draiva yake, yaani programu inayoiwezesha tarakilishi kuwasiliana na printa, haipatikani. Nilipakua draiva mpya kutoka tovuti ya watengenezaji, nikahakikisha ni ya biti 64 kama mfumo wa tarakilishi yangu, nikaiweka, na karatasi ya majaribio ikatoka safi kabisa.

Kesho yake mama mmoja alitaka nimchapishie ujumbe alioandikiwa na chuo cha bintiye. Niliufungua katika Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, nikaagiza uchapishwe, na kosa lile lile likarudi.

"Mwanangu, matatu yangu inajaa," alisema, macho yakiwa barabarani.

Nilinakili maneno ya ujumbe huo, nikayabandika katika Notepad, programu ndogo ya kuandikia ya Windows, na karatasi ikatoka mara moja. Alilipa akaenda zake, nami nikabaki na swali: ikiwa draiva ni nzima kwa Notepad, mbona ni mbovu kwa barua pepe?

Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kuchapisha mara kadhaa bila kusoma jina la printa lililoandikwa juu yake. Safari hii nililisoma. Orodha ilikuwa na printa mbili zenye jina moja, ila ya pili ilimalizikia kwa “Copy 1”. Nilipoweka draiva mpya bila kuiondoa printa ya zamani, Windows iliisajili upya kwa jina hilo la pili na kuifanya chaguo-msingi, yaani printa inayotumika usipochagua nyingine. Notepad iliifuata hiyo mpya, ilhali Thunderbird, ambayo hukumbuka printa iliyotumiwa mara ya mwisho, iling'ang'ania ile yenye draiva iliyokufa. Kosa lilikuwa langu.

Niliingia katika mipangilio ya Thunderbird, nikafungua kihariri cha usanidi kilicho chini kabisa ya sehemu ya jumla, nikatafuta print_printer, mahali inapohifadhi jina la printa ya mwisho, na hapo nikalikuta jina la zamani. Nililifuta, nikaifunga programu na kuifungua tena.

Kuiondoa printa ya zamani ndiko kulikonichosha, kwa sababu kila nilipoifuta ilibaki pale pale, ikiwa na kazi zangu za asubuhi zilizokwama kwenye foleni. Ilinilazimu nisimamishe huduma ya Print Spooler, ile inayosimamia foleni ya kuchapisha, nifute mafaili yote yaliyokuwa ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (yaliyomo tu, si folda yenyewe), kisha niiwashe huduma hiyo tena. Hapo printa ilifutika. Draiva yake, ambayo haiondoki pamoja na printa, niliitoa kupitia sifa za seva ya uchapishaji.

Ujumbe wa kwanza niliouchapisha kutoka Thunderbird baada ya hapo ulitoka ukiwa umepangwa kwa karatasi ya Letter, saizi ya Kimarekani, nami nikachagua A4 upya.