Kuandikisha mtoto shule Montgomery County, Maryland: karatasi zinazokwamisha

Wilaya hii ya shule, kwenye vitongoji vya kaskazini mwa Washington, ina wanafunzi wapatao 160,000 na shule zaidi ya 200. Hakuna ada. Shule ya mtoto huamuliwa na anwani ya nyumba, hivyo itafute anwani hiyo kwenye tovuti ya wilaya kabla hujasaini mkataba wa pango. Basi ni bure, ila mtoto wa msingi anayeishi ndani ya maili 1 hutembea. Shule ya kati (darasa la 6 hadi la 8) ni maili 1.5, sekondari maili 2.

Anayetoka shule ya nje ya Marekani hupitia ofisi ya uandikishaji wa kimataifa iliyoko Rockville. Beba cheti cha kuzaliwa au pasipoti, mkataba wa pango, kadi ya chanjo na ripoti za shule. Viza isikutie hofu: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1982, mtoto hanyimwi shule kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Wengi hukwama kwenye chanjo. Kadi ya kliniki ya Tanzania au Kenya inatambulika, lakini ina mapengo. Kwetu mtoto huchanjwa surua na rubella. Maryland inataka na matubwitubwi, pamoja na tetekuwanga, ambayo haimo kwenye ratiba zetu za kawaida. Kadi iliyojaa vizuri bado itaonekana pungufu. Weka miadi ya daktari ndani ya siku 20, uende na uthibitisho wa miadi hiyo. Mtoto ataanza masomo huku akisubiri sindano.

Mnaishi kwa ndugu? Mwenye nyumba atatoa uthibitisho wa makazi yake na mtajaza fomu ya kuishi pamoja. Kama mmehifadhiwa kwa kukosa uwezo wa kupanga, semeni hivyo waziwazi. Sheria ya shirikisho iitwayo McKinney-Vento inataka mtoto huyo apokelewe mara moja, hata karatasi zikiwa hazijatimia.

Kwenye swali la lugha ya nyumbani, andika Kiswahili kama ndicho mnachozungumza. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakihofia mtoto atarudishwa nyuma. Matokeo yake hapimwi Kiingereza, anakosa mwalimu wa kumsaidia, na alama zinashuka bila mtu kujua sababu. Mkalimani pia ni haki yako, bila malipo. Usimfanye mtoto akutafsirie kikao kinachomhusu yeye mwenyewe.

Kwa wa sekondari, ripoti za kila mwaka ni dhahabu. Bila hizo, kijana aliyemaliza kidato cha pili anaweza kuanzishwa darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya huko.