Gari linalopona likipumzika

Gari likigoma kabisa halinisumbui sana. Linalonitesa ni hili la kuzima, kukaa kidogo, kisha kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. La kwangu, la kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), limekuwa na tabia hiyo: tambarare linakwenda vizuri, likikuta mlima mrefu linamisi, linaishiwa nguvu, linazima.

Kila aliyesimama alisema ni pampu ya mafuta. Pampu husingiziwa mengi! Mimi nilitaka kwanza kujua kama kinachokosekana ni mafuta au moto, maana koili, inayozalisha umeme wa cheche za plagi, nayo ikichemka huzima gari na ikipoa hulirudisha. Lilipozima, nikafungua filta ya hewa, nikachungulia koo la kabureta na kuvuta waya wa akselereta kwa mkono. Hapo petroli huruka mchirizi mwembamba. Hakikuruka kitu. Koili nikaiacha.

Kwa nini mlimani? Bakuli la kabureta hubeba akiba ndogo. Kwenye tambarare hata mafuta haba hulitosha. Mzigo ukizidi, injini hunywa kuliko inavyoletewa. Na kupumzika hakukuponya chochote: ni kule kupiga starta mara kwa mara ndiko kulikolijaza bakuli tena.

Injini ilipopoa kabisa, nikakata umeme wa koili, nikachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikauelekeza kwenye chupa na kupiga starta. Kipimo cha presha peke yake sikiamini. Njia iliyoziba nusu yaweza kuonyesha presha nzuri huku mafuta yakija kidogo. Pampu nyingi za aina hii hutoa karibu nusu lita kwa sekunde 30. Yangu haikukaribia, tena ilitema mapovu.

Mapovu ndiyo yaliyonifungua macho. Pampu hii ya aina ya zamani imefungwa kwenye injini, inavuta mafuta kutoka tangini kule nyuma. Mpira wa upande huo ukipasuka, mara nyingi haudondoshi mafuta bali hunyonya hewa: chini pakavu, harufu hakuna. (Kifuniko cha tangi nilishakikagua. Tundu lake la hewa likiziba, dalili ni hizihizi.) Kipande kifupi karibu na tangi kilikuwa kimekakamaa, na chini ya klampu kina nyufa.

Nimefunga mpira mpya wa petroli. Mapovu yamekwisha na mlima linaupanda. Ila ile chupa ilituamisha chembe za kutu, kwa hiyo tangi nitalishusha tu.