Shingo ya Nero

Treni kutoka Koblenz, Ujerumani, ilifuata mto Mosel, mizabibu ikiwa imening'inia kwenye miteremko mikali hadi nikajiuliza mkulima wake anasimamaje. Cochem tukamezwa na handaki la zaidi ya kilomita 4, na mtoto wa kiti cha mbele akaanza kuhesabu kwa sauti hadi mwanga ulipotokea. Trier ilikuwa na manyunyu. Porta Nigra, lango la kale la Warumi, niliipita hivi hivi. Haja yangu ilikuwa dhahabu ya jumba la makumbusho la Rheinisches Landesmuseum.

Chumba kina giza, kinachong'aa ni kabati la vioo tu. Humo mna aureus, sarafu za dhahabu za Kirumi, zaidi ya 2,500, kilo 18.5 kwa jumla. Zilipatikana mwaka 1993 katapila likichimba maegesho ya chini ya ardhi, likagonga chombo cha shaba kilichofukiwa karne ya pili.

Nilidhani nitashangazwa na wingi. Nikanaswa na sura. Kila sarafu ina gramu 7 hivi, na upana wake umezidi kidogo tu ukucha wa kidole gumba. Nero, kaisari wa Roma, alipoanza kutawala alichorwa kijana mwembamba; huyu wa kabatini shingo imenona na kidevu kimejaa, wala fundi hakumhurumia. Kumzunguka, herufi zimebanana kama abiria wa daladala jioni: CAESAR, AVGVSTVS, V ikisimama mahali pa U. Kwenye sarafu nyingi utaona TR P, kifupi cha Kilatini cha mamlaka ya kaisari kama mtetezi wa raia, cheo kilichohesabiwa upya kila mwaka. Namba ikifuata, wataalamu hujua mwaka iliogongwa.

Faustina, mke wa kaisari Antoninus Pius, amesukwa nywele zikazungushwa utosini. Msusi wa Manzese angetaka hela ya maana kwa kazi ile.

Niliinama hadi pumzi ikatia ukungu kwenye kioo. Mlinzi akakohoa. Tulipozoeana akanisimulia wezi wa Oktoba 2019: waliingia usiku, wakakipiga kioo kwa nyundo, kikagoma. Wakaondoka mikono mitupu.

Mfukoni nilikuwa na shilingi 200 iliyobaki tangu likizo. Nikampa.

"Huyu ni mfalme wenu?"

"Rais. Karume, wa Zanzibar."

Akaigeuza, akawaona simba wawili. Hao aliwatazama muda mrefu zaidi.