Daftari la joto la maji: bamvua la tatu

Haya nimerudi. Kwa wageni, mradi wangu ni mdogo tu, kila bamvua, yaani siku zile maji yanapojaa na kutoka sana, nashuka pwani na mama hapa Jambiani, Unguja, natia kipimajoto majini sehemu mbili, kwenye shamba lake la mwani na kule mkondoni ambako maji hayakauki, alafu naandika.

Juzi saa 5 maji yakiwa magotini shambani ilisoma 35, mkondoni 30. Nyuzi 5 nzima, na kutoka hapa hadi pale mtu akikuita unamsikia! Mama wala hakushangaa, kasema mguu wake ushamwambia zamani, kaskazi, upepo wa msimu wa joto, ikishika maji yanakua kama ya kumwoshea mtoto.

Kilimo hiki kilianza 1989 huku kwetu na Paje, na kati ya aina mbili tunazofunga kilichokua na bei ni mwani mnene, saivi ukiufunga kaskazi kama hii vitawi vinakua vyeupe, vinalainika, vinakatika, wimbi linabeba. Ndo maana kina mama wengi wamebaki na mwembamba, unavumilia ila bei yake ndogo na kuinama ni kulekule. Mama anasema ni joto, jirani yetu anasema mbegu imechoka, maana mbegu yenyewe ni kipande cha mwani uleule unakata unafunga tena miaka nenda rudi. Mie naona wote wana haki, mmea uliochoka joto linaumaliza haraka.

Bamvua lililopita nilifunga kamba mbili za mwani mnene, mbegu moja, kamba moja shambani moja mkondoni. Ya shambani imebaki tai tai tupu, vile vikamba vya kufungia mbegu. Ya mkondoni ipo, mwani wake kijani, mgumu, mama kaishika muda mrefu hajasema kitu.

Sasa mkondoni maji yakitoka kabisa bado yanafika kifuani, na kina mama wengi hapa hawajui kuogelea, shamba siku zote lilikua la kushuka kwa miguu, kina kirefu ni cha wanaume na ngalawa zao. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, na wenzake walishaonyesha nyavu za mfano wa bomba, mwani unakaa ndani haubebwi na wimbi, nzuri sana, ila lazima uwe na chombo na usiogope maji.

Kwa hiyo kipimajoto kinapumzika kidogo. Maji mafu yanayokuja, yale yasiyojaa wala kutoka sana, naanza kumfundisha mama kuogelea, yeye na shoga zake wawili. Kashasema tuanzie kiunoni, na nisimwachie mkono mpaka aseme mwenyewe.