Kinanda cha Shangazi

Mwaka 2013 dada yangu aliolewa. Mkesha ulifanyika hapohapo nyumbani Manzese, Dar es Salaam, turubai limefungwa kutoka ukuta wetu hadi wa jirani. Mimi nilipewa kazi ya kukaa na DJ, asikose maji wala umeme, ndiyo maana niliona kila alichofanya.

Mpaka saa sita usiku alipiga taarab kwa heshima ya akina mama. Shangazi yangu alikuwa mbele kabisa. Taarab ya kisasa anaijua nje ndani: wapi mwimbaji ataingia, ubeti upi unamchoma nani, na noti ya kutunza iko tayari kwenye pindo la kanga. Vijana wakaanza miluzi, wanataka singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini.

DJ hakubadilisha wimbo. Alirudi nyuma kwenye uleule uliokuwa unaishia, hadi pale kinanda kinapopita peke yake kati ya beti mbili, sekunde chache tu. Akaweka alama mwanzo na mwisho, kipande kikaanza kujirudia. Kikawa kinachechemea, mwisho haushikani na mwanzo. Akavaa hedifoni, akasogeza alama kidogo, akasogeza tena, mpaka mshono ukapotea. Ndipo akapandisha spidi. Kinanda kikawa chembamba kama filimbi, namba kwenye laptopu zikavuka mapigo 200 kwa dakika, akaingiza ngoma chini yake, MC akadaka maiki. Vumbi likatimka.

Wapo wanaosema singeli ni kuchukua jasho la mwenzako na kulikimbiza. Kwamba mpiga kinanda alipwe, hiyo ni haki yake, sibishani. Lakini wakisema hakuna ubunifu, nakataa. Kile kipande wote tulikuwa tumekisikia miaka, na kwetu kilikuwa nafasi ya mwimbaji kuvuta pumzi. Yule kijana alisikia ndani yake ngoma nzima ya kukesha nayo. Muziki wa mchiriku nao ulizaliwa hivyo hivyo, pale ngoma za Kizaramo zilipokutana na vinanda vidogo vya Casio. Na mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa albamu ya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, Dar, watu wa Ulaya walishangaa muziki huu umetoka wapi. Umetoka kwa watu wenye masikio ya namna ile.

Shangazi akaja mpaka mezani.

“Mwanangu, hicho kinanda si cha wimbo wangu?”

“Ndicho, shangazi,” DJ akajibu.

“Mbona sijawahi kukisikia hivi?”

“Kilikuwepo siku zote. Maneno ndiyo yalikuwa yanakifunika.”

Akafungua pindo la kanga, akamtunza. Nilishangaa sana. Shangazi hutunza fumbo, hutunza ubeti uliompata mtu pale pale ukumbini. Usiku ule alitunza kinanda kitupu, hakina neno hata moja. Halafu akamwamuru arudishe wimbo wenyewe, mzima, kwa mwendo wake. Vijana wakalalamika, hakuwajali. Alisimama pale pale mezani, mkono kiunoni, mwimbaji anaimba beti anazozijua zote na yeye hafungui mdomo. Beti ilipokwisha akanipiga begani: “Haya, sikiliza! Kinakuja!”