Sarafu ya 1916 kwenye chenji: nilivyojua kama ni feki au imechezewa

Hapa Tabora ukishika kipande chochote cha shaba chenye maandishi usiyoyajua, mtu atakwambia papo hapo ni mali ya Mjerumani, na wa pili yake ataanza kukutafutia mnunuzi. Kwa hiyo sarafu hii iliponifikia nilijiwekea sharti: sitamuuliza mtu bei mpaka nijue nimeshika nini.

Nina kibanda cha asali na karanga Isevya. Sarafu ilipita jioni, wakati wa wateja wengi, ikiwa imechanganywa na majero, yaani sarafu za shilingi 500, nami nikaikuta usiku nilipokuwa nafunga hesabu. Ukiwa na haraka ni rahisi kuipokea. Jero ina upana wa milimita 27.5, na hii nilipoipima kwa rula ilifika kama 29. Jero naijua vizuri tangu ilipoanza kutumika mwaka 2014: upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili nyati, na kuna mahali ambapo ukiigeuzageuza kwenye mwanga panasomeka 500, kisha BOT. Hii haikuwa na mtu wala mnyama. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na baada ya kuipuliza vumbi nikaona taji kubwa, chini yake D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, jina la koloni la Mjerumani hapa Afrika Mashariki, halafu 1916. Upande wa pili kulikuwa na 20 HELLER, matawi mawili ya majani, na herufi T.

Hiyo T ni Tabora. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sarafu mpya hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, na utawala wa Mjerumani ukalazimika kutengeneza za kwake kwenye karakana ya reli hapa hapa mjini. Zilitoka za heller 5, za heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake. Rupia moja ilikuwa heller 100. Kazi ilikwisha mwaka ule ule, kwa sababu tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Nazisema habari hizi kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini sarafu hizi zina sura mbaya. Zilitengenezwa kwa shaba chakavu, kwa mashine ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo, watu wakiwa vitani. Nyingine taji limekaa upande, nyingine herufi zimefifia. Anayekwambia "hii feki, mbona imekaa hovyo" hajui historia ya mji wake.

Jirani yangu alinishauri niiloweke kwenye ndimu usiku kucha ing'ae. Nilikataa, na ningemwomba kila mwenye sarafu ya zamani akatae. Ule weusi umejengwa na miaka, na ukiuondoa umeondoa ushahidi wenyewe. Rangi ya zamani huingia hadi kwenye pembe za herufi. Rangi ya kupaka hukaa juu juu na kuachia ukisugua kidogo kwa kidole chenye jasho.

Nilianza na sumaku ya spika mbovu. Haikunata. Hilo ni jambo jema, maana za heller 20 zilikuwa za shaba ya njano au shaba nyekundu, na shaba haivutwi. Lakini sumaku inakataa tu, haithibitishi: feki ya shaba nayo haitanata. Mzani wa sonara nao haukunipa jibu, kwa kuwa sarafu hizi hazikutoka zote na uzito mmoja kama jero, ambayo ina gramu 9.5. Nikajaribu sauti. Niliiweka kwenye ncha ya kidole nikaigonga kwa kalamu, ikalia "kap", sauti butu isiyoendelea. Na karibu na ukingo, juu ya taji, palikuwa na uvimbe mdogo usio na umbo. Hapo ndipo moyo ulipoingia wasiwasi kwamba imemiminwa kwenye kalibu.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi relini mpaka alipostaafu. Nikiwa njiani niliazima lenzi kwa fundi saa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuione."

Hakutazama taji wala mwaka. Alitazama ukingo kwanza, akaizungusha taratibu yote. "Kitu cha kalibu," akasema, "kina mstari pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Mtu akiuondoa kwa tupa, utaona mikwaruzo ya tupa." Hapakuwa na mstari wala mikwaruzo. Kisha akanipa lenzi nitazame uwanda kati ya taji na herufi. Shaba iliyomiminwa huwa na vitundu vidogo vya hewa, na herufi zake huinuka kwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Zangu zilikuwa zimelika kwa kushikwashikwa, lakini miguu ya herufi ilisimama wima na uwanda ulikuwa laini. Ilikuwa imegongwa chapa.

Uvimbe ndio uliomchukua muda. Aliigeuza sarafu, akaweka kidole upande wa pili mahali pale pale, na pale palikuwa na uvimbe mwingine. Akachukua sindano akaukuna ule uvimbe tu, si sarafu. Ukatoka mkwaruzo mweupe, wa kijivu, laini. "Lehemu," akasema. "Hii ilitobolewa ikavaliwa shingoni. Baadaye mtu akaziba tundu." Na sauti butu ikawa imepata maelezo yake: sarafu iliyotobolewa na kuzibwa haiwezi kulia kama nzima.

Kwa hiyo ni halisi, na imechezewa. Kwa mkusanyaji thamani yake imeshuka sana. Mimi napenda kwamba kuna mwanamke wa hapa, pengine bibi wa mtu ninayemfahamu, aliivaa. Nimeiweka kwenye bahasha ya karatasi na kuandika juu yake: heller 20, shaba ya njano, imetobolewa na kuzibwa kwa lehemu. Yeyote atakayeipata baada yangu asiuziwe kama nzima.

Habari zilienea, na baada ya muda akaja kijana wa Ng'ambo na "sarafu ya tembo" aliyopewa aiangalie kabla ya kulipa laki nane. Nilimwita kwenye mwanga. Mkonga wa tembo ulikuwa na vitundu. Ukingoni palikuwa na mstari uliosuguliwa nusu. Nikaleta sumaku, nayo ikaidaka. Dhahabu haifanyi hivyo, hata ikichanganywa na shaba. Akapiga simu mbele yangu, akamwambia mwenye mali aje aichukue sarafu yake, na fedha hakuitoa.