Meza ya useremala inayokunjwa ukutani

Chumba ninachopanga Manzese kina mita 3 kwa 3, na kitanda kimekwisha kuchukua sehemu kubwa, kwa hiyo meza yangu ya useremala ilipaswa kukunjwa ukutani kazi inapoisha. Nilianza na miguu ya bawaba, nikakwama: mguu wa sentimita 80 haulali chini ya ubao wenye upana wa sentimita 50, kwani ubao ukining'inia, mguu hupita kimo cha bawaba zinazoushika ubao ukutani na kuzuiliwa na ukuta. Nikaunda badala yake pembetatu mbili za mninga, ambazo hufunguka kama milango na kuubeba ubao kwa chini. Vipimo hapo vinadai uangalifu mkubwa, kwa sababu boriti ya ukutani inayoshika bawaba za meza lazima itokeze kuliko unene wa pembetatu zilizofungwa, la sivyo ubao hauwezi kuning'inia wima.

Randa husukuma sambamba na ukuta, nazo pembetatu huelekea kujifunga. Kwa hiyo kila moja nimeiwekea komeo. Patasi naigonga juu ya pembetatu, si katikati ya ubao, tena mchana tu, maana ukuta huo ni wa jirani pia.